Miaka Yangu ya Kuonja Maji

Vijana wangu, juzi mlikuja nyumbani na kile kipimo chenu cha chumvi, mkakichovya kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa, mkanisomea namba, mkacheka. Nami nikacheka. Kisha mwenzenu mmoja, yule mrefu, akaniuliza: "Bibi, kweli kazi yako ilikuwa kuonja maji tu?" Hiyo "tu" imenikosesha raha siku mbili. Leo nimechukua daftari, nimekaa kibarazani, nakujibuni.

Nianze kwa kukubali jambo moja ili msinione mkaidi. Kipimo ni kizuri, kitumieni. Ulimi wangu nimeustaafisha mwenyewe. Tangu nianze dawa za presha, chai ina ladha ya sarafu, embe lina ladha ya sarafu, na mwaka juzi nilionja maji ya mvua yaliyokingwa saa ile ile nikayaona yana chumvi. Siku hiyo nilimkabidhi mwenzangu kibuyu cha kuonjea, nikaenda zangu nyumbani kupika. Lakini mkikitumia kipimo chenu, kisuuzeni kwa maji ya mvua kabla, wala msikichovye juu juu kama nilivyowaona mkifanya pale kwenye mlango wa maji, mtoni. Chumvi haikai juu. Haya, tuendelee.

Mnaopita kwenye yale majaruba ya mpunga kila siku mnayaona ya kawaida, kwa sababu mmezaliwa mkayakuta. Mimi niliyaona kwa mara ya kwanza nikiwa bibi harusi, nimetoka Mpapura kwenye mikorosho, sijawahi kuona shamba lenye ngazi. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, na pale miguuni pake chemchemi inatoka, masika na kiangazi. Kuanzia pale majaruba yanashuka moja baada ya jingine, kila moja limekaa chini ya mwenzake kwa kimo cha goti, mpaka kwenye mikoko karibu na mdomo wa Ruvuma. Hakuna pampu wala bomba. Maji yanaingia jaruba la juu, yakifika kifundo cha mguu yanamwagikia la pili, la pili likishiba linampa mwenzake wa tatu. Nilimuuliza baba mkwe wangu, Mzee Bakari, ni nani aliyezichonga ngazi zile. Akasema yeye alizikuta, na babu yake alisema alizikuta. Jaruba lake lilikuwa la juu kabisa, la kwanza kupokea maji ya mlima.

Sasa hesabuni wenyewe. Aliye juu analima kwa chemchemi. Aliye chini analima kwa masalio, na mvua zikisimama wiki mbili hata masalio hayafiki. Ndiyo maana wazee waliweka mlango upande wa mto: gogo la mnazi lililochimbwa ndani, likalazwa chini ya ukingo mkubwa, mdomo wake ukazibwa kwa ubao na udongo wa mfinyanzi. Siku za bamvua bahari inajaa sana, inausukuma mto urudi nyuma, na maji ya mto yanapanda mpaka usawa wa gogo. Unazibua, maji yanaingia jaruba la mwisho, unaziba. Ila yale yanayotangulia ni ya mto, na yanayofuata nyuma ni ya bahari yenyewe. Ukizibua mapema huna kitu. Ukichelewa kuziba umemwaga chumvi kwenye chakula cha mtu. Katikati ya mapema na kuchelewa ndipo ulimi ulipokuwa unafanya kazi, na hiyo ndiyo "tu" yako, kijana mrefu.

Aliyenifundisha ni Bi Somoe, mwenye jaruba la mwisho. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na hakuwa na shamba jingine lolote. Jaruba likimpa, amekula mwaka mzima. Lisipompa, ni mihogo ya kuombaomba, na Bi Somoe kuomba alikuwa hawezi. Nilikwenda kumsalimia wiki ya kwanza ya ndoa yangu, akanipa maji kwenye kata. Nikanywa, nikasema, kwa kutafuta la kusema tu, kwamba maji haya ni ya kisima yamechanganywa na ya mvua. Kwetu Mpapura tulihangaika sana na maji, kwa hiyo kila mtoto alijua dimbwi lipi ni lipi kwa kuonja. Bi Somoe akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ntoto una ulimi," alisema. "Kesho twende ntoni."

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mganga. Siku moja kabla ya kuonja usile ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Usitafune tambuu. Usinywe chai ya tangawizi. Maji ya kisima cha kijiji nayo usiyanywe, maana yana chumvi kidogo, na ulimi ukishazoea chumvi kidogo hauisikii tena. Suuza mdomo kwa maji ya mvua. Kibuyu kifungwe kwenye ufito mrefu, kizibo chake kiwe na kamba. Kizamishe mpaka kiguse tope ndipo uvute kamba, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito, yanajificha chini, na gogo letu linavuta kutoka chini. Weka mdomoni, yapitishe pembeni mwa ulimi, tema. Onja kabla ya kuzibua, onja katikati, na ukianza kuhisi mdomo unakauka kidogo, usisubiri tena, ziba.

Nilikosea mapema. Kulikuwa na harusi Mtawanya, nikala pilau na achari mpaka nikaona aibu. Kesho yake nikaonja, nikakataa katakata kuzibua. Nikasema bahari imeingia. Bi Somoe akaja anachechemea, akaonja, akatema, akaniuliza nimekula nini jana. Siku nzima ya bamvua ilikuwa imepita bure. Adhabu yangu ilikuwa kula ugali kwa mlenda usio na chumvi wiki nzima, nami kwa ujinga wangu nilipika hivyo hivyo kwa nyumba nzima. Siku ya tatu baba mkwe aliuliza kwa upole kama kuna mgonjwa humu ndani.

Kosa jingine lilikuwa la ukingo. Niliona kingo za wenzangu zina ukoka, zimekaa ovyo, nikaukwangua wetu wote mpaka ukang'aa. Watu walipita wakausifu. Mvua ya kwanza kubwa ukashuka kwenye jaruba la jirani, na mimi nikiwa nimesimama juu yake. Ukoka uacheni, mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Ng'oeni magugu yanayopanda juu tu. Na tundu la kaa msilizibe kwa juu, mnamdanganya nani? Chimbueni mpaka mkute mwisho wake, kandamizeni mfinyanzi uliochanganywa na pumba, pigeni kwa kisigino.

Nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo nimelipita pembeni miaka yote hii, na wengi wa waliokuwepo wameshatangulia. Ninyi wasichana mtalielewa haraka. Ninyi wavulana tulieni tu msome.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa ndoa. Ramadhani ilikuwa imeangukia msimu wa mpunga, kama miaka hii ya karibuni. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mtwara, anarudi mara moja kwa wiki. Mama mkwe alikuwa ameshafariki kabla sijaolewa. Nyumbani tulikuwa mimi na baba mkwe, na mbele yake nilikuwa hata kikohozi nakimeza. Mvua zilikuwa zimesimama. Mpunga wa juu ulikuwa unakaribia kutoa mashuke, wa Bi Somoe, uliochelewa kupandikizwa, ulikuwa bado mchanga na jaruba limeanza kupasuka. Siku ya tatu ya mfungo ilikuwa siku ya bamvua, na Bi Somoe alikuwa kitandani na homa. Akanituma niende peke yangu.

Alasiri nikashuka na kibuyu changu. Nikakuta wazee watatu wamekaa kwenye ukingo mkubwa, hatua chache kutoka mlangoni, wanasubiri jua literemke: baba mkwe, Mzee Chande mwenye jaruba la pili, na mwenzao mwingine. Siku zile mimi sikuwa nimefunga. Nilikuwa katika siku zangu za mwezi, ambazo mwanamke hafungi. Mnajua tunavyoishi hapa: mwanamke akiwa hivyo hali mbele ya watu, hanywi mbele ya watu, anajikausha kama waliofunga na usiku anakula daku pamoja na wengine. Nami nikasimama pale na kibuyu mkononi nikawaza: nikitia maji mdomoni mchana wa Ramadhani mbele ya baba mkwe, atajua. Na Mzee Chande atajua. Kesho nitampakulia futari kwa uso gani?

Nikazamisha kibuyu, nikayanusa maji. Nikayaangalia rangi, yalikuwa ya kahawia kama ya mto wa siku zote. Nikazamisha kibuyu mara ya pili ili wanione ninafanya kazi. Kisha nikazibua. Maji yakaingia kwa nguvu, mazuri kwa macho, nami nikayaacha mpaka yakafika kifundo, nikaziba, nikapanda nyumbani haraka kukaanga vitumbua.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilishuka peke yangu. Ncha za majani ya mpunga wa Bi Somoe zilikuwa nyeupe. Nikachota maji kwenye jaruba, nikaonja. Sikuhitaji hata kuyapitisha pembeni mwa ulimi.

Naona aibu kuandika kwamba wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Mvua zimesimama, mto umepungua, bahari imepanda. Kila mtu angesema ni mapenzi ya Mungu, na Bi Somoe angekuwa wa kwanza kulisema. Nilikaa kwenye ukingo nikilia, kwa sababu nilikuwa nampenda yule bibi, na nilikuwa namuona akila mihogo ya watu. Kisha nikaenda kwake, nikapiga magoti pembeni ya kitanda chake, nikamwambia yote.

Alinisikiliza amefumba macho kwa homa.

"Chumvi ya futari mnaijuaje nyumbani kwenu?" aliuliza.

"Naonja, bibi."

"Unameza?"

"Natema."

"Hata ukiwa umefunga?"

"Hata nikiwa nimefunga."

"Basi hata aliyefunga anaonja maji kwa haja na kutema, na saumu yake iko pale pale. Miaka yote mimi naonja nchana wa Ramadhani. Nani angejua lako?"

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwahi kuliwaza hilo. Nilichojua ni kuona haya tu.

Bi Somoe akakohoa, akasema dawa ni moja. Chumvi inaoshwa kwa maji matamu: limwage jaruba lote, lijaze, liache siku, limwage tena, siku nne hivi. Na maji matamu yako mlimani. Wenye majaruba ya juu wafungue midomo yote, chemchemi ishuke moja kwa moja mpaka chini bila mtu kubakiza, wakati mpunga wao wenyewe unataka kutoa mashuke. Na wa kwanza kuombwa ni mwenye jaruba la kwanza.

"Mwambie nkweo," alisema.

"Siwezi, bibi."

"Basi npunga wangu ufe kwa haya zako," alisema, akageukia ukutani. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka.

Nilimkuta baba mkwe anasokota kamba uani. Nikakaa chini mbali kidogo, nikatazama mchanga.

"Baba, maji niliyoingiza juzi yalikuwa ya bahari. Mpunga wa Bi Somoe unaungua."

Mikono yake ikasimama. "Uliyaonja?"

"Sikuyaonja."

"Kwa sababu ya saumu?"

Angalieni jinsi alivyonipa njia. Ningesema ndiyo, yakaisha, na kijiji kizima kingenisifu kwa uchaji. Lakini kumdanganya mzee aliyefunga, kuhusu saumu ambayo sikuwa nayo, kulinishinda. Nikasema, "Hapana, Baba. Siku ile mimi sikuwa nimefunga."

Akasema taratibu, "Kama hukufunga, mbona hukuonja?"

"Mlikuwa mmekaa pale."

Akaiweka kamba chini. Kisha akasema, akiitazama kamba yake, "Nilikupa mgongo makusudi, mwanangu. Nikawageuza na wenzangu, tukakaa tunatazama mikorosho ya kule juu, ili uonje kwa nafasi."

Ndipo nikakumbuka. Kweli walikuwa wametupa migongo, mimi na mto. Sikuwa nimeinua uso hata mara moja kuwatazama, nilikuwa nimejawa na haya. Yeye naye, kwa haya zake, hakugeuka kuangalia kama nimeonja. Jaruba la mjane lilikuwa linakufa kwa sababu watu wawili walikuwa wanaheshimiana kupita kiasi.

Akainuka, akachukua jembe. Nikamfuata mpaka juu, na kwa macho yangu nikamuona anakata mdomo wa jaruba lake mwenyewe, maji yanatoka yote, mpunga wake umebaki umesimama kwenye tope. Mzee Chande akaja mbio anauliza kulikoni, na alipoambiwa afungue na lake alikataa.

"Mimi mpunga wangu una mimba," alisema. "Aliyeharibu kule chini ni nani hata nitoe maji yangu?"

Nilikuwa nimesimama pale. Nilifungua mdomo, baba mkwe akanitangulia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikaa mlangoni na maneno yangu, nikamvuruga anayeonja. Fungua, Chande. Tukikosa mpunga, mimi na wewe tuna mikorosho. Yule bibi ana lile jaruba tu."

Mzee Chande alinung'unika mpaka wakati wa futari, lakini alifungua. Na wa chini yake wakafungua, maana hakuna anayependa kuwa yeye ndiye aliyezuia. Siku nne chemchemi yote ilishuka ngazi zile bila kusimama popote, nami nilishinda kule chini nikimwaga na kujaza, kujaza na kumwaga. Siku ya tano Bi Somoe alikuja amejifunga khanga kichwani kwa homa iliyobaki, akaonja maji ya jaruba lake, akatema, akaniambia niache sasa, niende nikaoge. Pembe ya karibu na mlango ilikufa yote. Kwingine mpunga ulirudisha rangi, na alivuna vya kumfikisha msimu mwingine. Baba mkwe alivuna nusu ya alivyozoea, na hakuna siku aliyonikumbusha.

Mwezi ulipokuwa mpevu, katikati ya Ramadhani, bamvua ikarudi. Nilishuka alasiri na kibuyu. Safari hii ukingoni kulikuwa na watu wengi, kila mwenye jaruba alitaka kuona. Kabla sijafika kwenye maji, baba mkwe akanipokea kibuyu mkononi. Akakizamisha mpaka chini, akavuta kamba, na mbele yao wote, mzee anayejulikana kijiji kizima kwa saumu zake, akatia maji mdomoni. Akayazungusha. Akatema. Akafuta ndevu.

"Ulimi wa kizee huu," alisema. "Chande, onja na wewe."

Mzee Chande akamtazama, akaonja, akatema. Akampa aliyefuata. Kibuyu kikapita kwa kila mtu aliyekuwa pale, wanaume na wanawake, wazee na wake wapya, kila mmoja anaonja na kutema, wengine wanacheka. Mwishoni kikanifikia mimi. Nikakizamisha upya, nikavuta kamba, nikatia maji mdomoni mchana wa Ramadhani mbele ya baba mkwe wangu.

"Unasemaje?" aliuliza.

"Ya mto," nikasema.

"Zibua."

Tangu siku ile, Ramadhani ikikutana na bamvua, pale mlangoni anaonja kila mtu, hata leo mkiwa na kipimo chenu. Ninyi mnaona ni mchezo wa wazee. Siku ile ya kwanza ya kuonja wote mimi nilikuwa nimefunga, na hapakuwa na mtu ukingoni pale ambaye angeweza kujua kama nimefunga au la.